Fundi wa Mpaka wa Maji

Mwezi Julai mwaka 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, Waluguru walikusanyika kwa wingi kuyakataa matuta. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi milimani, na moyo wa mpango ule ulikuwa matuta ya ngazi. Watu walilazimishwa kuyachimba, na asiyechimba aliadhibiwa. Siku ile hasira zilipopanda, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Haukupita muda mrefu mpango wote ukaachwa. TANU, chama kilichokuwa ndiyo kwanza kimetimiza mwaka mmoja, kikakuta vijiji vya mlimani viko tayari kukisikiliza.

Kila nikiulizwa kazi yangu ni nini, huanzia Matombo. Sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeitumia kulinda vyanzo vya maji na kusaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi yao, na sijapata mfano bora wa kueleza kwa nini kazi hii ni ufundi unaojitegemea. Wataalamu wa wakati ule hawakukosea kuhusu ugonjwa. Udongo wa Uluguru ulikuwa ukishuka kweli, na mito ilikuwa ikiteremka na tope. Hata dawa yao, tuta, haikuwa ya kubahatisha, kwa kuwa watu wa milima mingi duniani wamelima kwenye ngazi kwa karne nyingi. Walichokosa ni mtu wa kusimama katikati ya ramani na shamba, anayeujua mteremko na anayemjua mwenye mteremko. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa. Mhandisi wa bwawa huja kukatiwa utepe na picha yake huwekwa ukutani. Huyu mwingine jina lake huishia kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, ndani ya faili lililofungwa kamba.

Kwanza niseme matuta yale yalishindwa vipi, maana hapo ndipo somo lilipo. Udongo mzuri wa Uluguru ni tabaka jembamba. Ukikata mteremko mkali uwe ngazi pana kwa mara moja, unaufukia udongo mweusi na kuupandisha juu ule mwekundu usio na rutuba. Mahindi juu ya ngazi mpya hudumaa. Mkulima aliyechimba kwa amri, kisha akavuna pungufu ya mwaka uliotangulia, alikuwa na hoja ya kitaalamu kabisa. Hoja hiyo haikuwa na pa kupelekwa ila barabarani.

Lipo na jambo la pili, la ndani zaidi. Uluguruni ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume anayelima shamba la ukoo wa mkewe, au kijana aliyekatiwa kipande na mjomba wake, hana hakika kwamba atakachokijenga pale kitabaki chake. Kibanda cha kuvunia si neno, lakini tuta ni kazi ya kudumu, na mti wa kudumu ni vivyo hivyo. Anayeweka kitu cha kudumu ardhini huonekana anadai ardhi yenyewe. Roland Young na Henry Fosbrooke, ambao kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru kilitoka mwaka 1960, walieleza jinsi swali la shamba lilivyofungamana na swali la nani ana mamlaka juu ya nani. Ukimwambia mtu wa Uluguru achimbe tuta, unaligusa shamba lake, mjomba wake, shemeji zake na mizimu ya ukoo wao kwa pigo moja la jembe. Hilo halimo katika vitabu vya kupimia mteremko.

Na mteremko wenyewe si wa kuachwa ujiendee. Uluguru inasimama nyuma ya mji wa Morogoro. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na milima hiyo kabla ya kuingia bara, na kwa hiyo upande wa mashariki hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, huku magharibi, kivulini mwa mvua, pakipata pungufu sana. Juu kabisa kuna msitu wa ukungu, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Kutoka humo hushuka Mfizigo, Mvuha, Mgeta, Mbezi na vijito visivyohesabika, vikikusanyika kuwa Ruvu. Ruvu hushika njia ya Bagamoyo, na kabla ya kufika baharini maji yake huvutwa na mitambo miwili: Ruvu Juu, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270. Hayo ndiyo maji ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu zaidi ya milioni 5.3.

Mwaka huohuo wa sensa, mvua za vuli zilipochelewa, Ruvu ukapungua na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Madumu yakapanga foleni Kinondoni na Temeke. Mazungumzo yote yalikuwa ya mabwawa na visima. Nayaheshimu mabwawa. Lile la Kidunda, linalokusudiwa kukusanya maji ya Ruvu kwa ajili ya siku za kiangazi, linahitajika. Ila bwawa ni chombo cha kupokea, na litapokea chochote mto utakacholeta. Wakazi wa Morogoro wanaolitazama Bwawa la Mindu wanalijua hilo: Ngerengere huleta maji na udongo kwa pamoja, na kila shehena ya mchanga inayotua chini inachukua nafasi ya maji. Kwenye mitambo ya kusafisha maji habari ni ileile. Tope likizidi mtoni, shabu inayotumika kulitenganisha huzidi, gharama hupanda, na siku nyingine mitambo hulazimika kupunguza kasi. Shamba lililolimwa wima kutoka juu hadi chini huko Matombo linamgharimu fedha mtu wa Sinza ambaye hajawahi kulisikia jina la kijiji hicho.

Ufundi wenyewe basi uko wapi? Naanza na macho.

Anayejifunza kazi hii hupelekwa kwanza kijitoni baada ya mvua. Rangi ya maji saa moja baada ya mvua kukatika ni ushahidi. Yakiwa ya chai ya maziwa na yakaendelea hivyo hadi jioni, huko juu kuna ardhi iliyo uchi. Mizizi ya miti iliyobaki hewani inaonyesha udongo uliokuwapo umeshaondoka kimo gani. Ukikuta udongo umesimama kama nguzo fupi, kila moja imebeba kofia ya jiwe dogo, ujue matone ya mvua yanaipiga ardhi moja kwa moja bila majani wala nyasi za kuyavunja nguvu. Matete, mkuyu na migomba mwitu husema kwamba chini kuna unyevu hata kama uso umekauka. Kisha kuna njia za miguu. Njia iliyochimbika sana kuelekea mahali palipo pakavu leo inakwambia kwamba zamani watu walikuwa wakichota hapo.

Lakini macho yana mwisho. Swali ninalolithamini kuliko kipimo chochote ni hili, na nimelirithi kwa walionitangulia: mwaka ule wa ukame mkubwa, maji mlichota wapi? Huulizwa wanawake watu wazima, kwa sababu ndio waliobeba ndoo. Jibu lake hukupeleka kwenye chemchemi ambayo haimo katika ramani yoyote, nayo ndiyo iliyolihifadhi kijiji kisihame. Ukishaipata hiyo, mpango mzima una pa kuanzia. Ramani ya satelaiti inaweza kunionyesha msitu ulipungua lini na kwa kiasi gani. Haiwezi kunionyesha chemchemi ambayo bibi fulani aliiamkia usiku wa manane ili asikute foleni.

Hapa niseme kidogo kuhusu miti, kwa sababu imeimbwa mno na kueleweka kidogo. Viongozi hupenda kampeni ya kupanda miti milioni kadhaa, na wanafunzi hupangwa mistari wakiwa na miche mikononi. Mti si bomba la kuleta maji. Mti unakunywa. Mkaratusi ukipandwa kando ya chemchemi huinyonya. Wakulima walilisema hilo kabla ya maofisa kulikubali, na leo kuna vijiji vinavyoing'oa mikaratusi iliyopandwa kwa shangwe. Kinachohifadhi maji ya kiangazi ni udongo wenye uwezo wa kumeza mvua: wenye majani yanayooza juu, mizizi ya kila kimo na vitundu vya wadudu. Udongo wa namna hiyo huinywa mvua ya masika na kuiachia polepole hadi Septemba na Oktoba. Uliokanyagwa au kuachwa mtupu huirusha mvua yote mtoni kwa saa chache, na baada ya hapo hakuna kitu. Msitu wa asili hufanya kazi hii vizuri kuliko chochote. Shamba la migomba, viungo na miti ya matunda lililotunzwa huukaribia. Anayelinda bonde anaulinda udongo, na anautumia mti pale unapousaidia udongo huo.

Sasa mkutano. Wengi huingia katika fani hii wakiwa wamependa mito na misitu, kutoka Chuo Kikuu Ardhi, au Sokoine pale Morogoro, au Chuo cha Mipango Dodoma, kisha wakagundua kwamba maisha yao ya kazi yatapita kwenye madawati ya shule za msingi, wakingoja akidi itimie. Baadhi hukata tamaa hapo. Mimi naamini hapo ndipo kazi inapoanza kuwa nzuri.

Tanzania ina sheria ambazo zimekipa kijiji uwezo mkubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, chini ya macho ya mkutano mkuu. Inatambua ardhi ya wote, ardhi ya watu binafsi na familia, na ile iliyowekwa akiba kwa ugawaji wa baadaye. Inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 ikakipa kijiji njia ya kuandaa mpango wake, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaimarisha bodi za maji za mabonde na jumuiya za watumia maji. Nchi ina mabonde tisa, na letu hapa ni la Wami/Ruvu. Sheria hizi kwa pamoja ni zana nzuri. Asiyejua kuzishika hujikata nazo.

Mkutano wa kwanza hauamui lolote, na fundi mzuri haulazimishi. Watu wanakuja kumwangalia mgeni. "Karibu, mtaalamu," wanasema, na wanakaa kimya kungoja kujua amekuja kuchukua nini. Kwa mzee ambaye baba yake alikuwapo Matombo, anayetaja matumizi bora ya ardhi ametaja jambo lenye historia. Kwa hiyo unalieleza jambo lenyewe bila kulipamba, unaeleza kwamba mpango hautapita bila mkutano mkuu kuupitisha, na unaondoka. Baadaye inachaguliwa kamati, wanawake kwa wanaume. Ramani ya kwanza huchorwa chini, mavumbini, kwa fimbo, majivu na mawe, na watoto hutimuliwa wasiikanyage. Watu hugombana juu ya ramani hiyo. Mimi hufurahi wakigombana, kwa sababu ugomvi unaozuka mavumbini mbele ya wote ni ule ambao ungekuja kuzuka mahakamani baada ya miaka mitatu. Kisha ni kuutembea mpaka pamoja na wazee wa vijiji jirani, kijiti mpaka kijiti, na kukubaliana mahali bikoni zitakapowekwa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nimeliona neno likiharibika penye wengi mara nyingi tu, pale wengi wale walipokuwa wanaume peke yao na wachota maji walikuwa wameenda kuchota maji.

Kisha inafika siku ya mita 60.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuuathiri uhifadhi wa ukingo huo. Kwenye semina mjini namba hiyo inasikika ndogo. Ipeleke Uluguru uone. Mita 60 kila upande wa kijito ni mita 120. Kwa kila kilomita moja ya kijito hizo ni hekta 12, karibu ekari 30. Katika bonde jembamba lenye familia ambazo kila moja ina kipande cha nusu ekari au kidogo zaidi, na tena hicho cha bondeni ndicho chenye mboga za kiangazi na ada ya shule, hizo si ekari za kuzungumzwa kwa haraka. Bibi mmoja alisimama mkutanoni akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizo mita sitini utazipima ukiwa umesimama wapi? Masika mto uko pale kwenye mwembe. Kiangazi uko kule kwenye mawe." Watu walicheka. Yeye hakucheka, wala mimi, kwa kuwa ndilo swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Mbele ya swali kama hilo afisa anaweza kufanya mambo mawili mepesi. Anaweza kusoma kifungu kwa sauti, kuweka bango jekundu na kuondoka. Mwaka ukiisha bango litakuwa mlango wa banda la mbuzi. Au anaweza kufumba macho, akaandika kwenye taarifa kwamba kijiji kimeelimishwa. Fundi hafanyi lolote kati ya hayo. Anarudi kwenye maneno ya sheria, ambayo wengi huyataja bila kuyasoma, na kuona kwamba yanazungumzia udumu na madhara. Nyumba hairuhusiki, wala kinu, wala kilimo cha kuugeuza udongo kila msimu mpaka kwenye ukingo. Lakini majani ya tembo yanayokatwa kwa ajili ya ng'ombe na kuachiwa mizizi yake yanaukumbatia udongo badala ya kuudhuru. Anatembea kijito chote na kamati, pande zote mbili, akitenga palipo na chemchemi na makorongo, ambapo hapana mjadala, na kupanga nani ataondoka lini. Aliye na mihogo shambani anaachwa avune. Asiye na kipande kingine anatafutiwa katika ardhi ya akiba ya kijiji, na hilo linaamuliwa na wanakijiji wenzake mbele yake, wala si ofisini. Ukingo unapimwa kwa alama za mafuriko ambazo wazee wenyewe wamezionyesha. Ndipo bibi yule anapata jibu: utapimwa pale ulipoonyesha wewe.

Kisha yanayofuata ni makaratasi, na sitaki kuyadharau. Makubaliano yanaandikwa kuwa sheria ndogo za kijiji, zinapita halmashauri ya kijiji, zinapita mkutano mkuu, zinashauriwa kwenye kata, zinafika baraza la madiwani la wilaya. Nimeona sheria ndogo nzuri ikifa kwa sababu muhtasari haukuwa na sahihi ya mwenyekiti, au orodha ya mahudhurio ilipotea. Afisa anayejua kuandika muhtasari usiopingika ameokoa chemchemi nyingi kuliko anayejua kuhutubia.

Je, kazi hii inaleta matokeo, au ni maneno ya mikutano? Jibu liko milimani humohumo. Nusu karne baada ya Matombo, mashirika ya CARE na WWF yalianza na wanavijiji wa Kibungo Juu, kwenye mto Mfizigo, mpango wa kuwalipa wakulima kwa huduma wanazoupatia mto. Walionufaika huko chini, wakiwamo DAWASCO, wasambazaji wa maji wa Dar es Salaam wakati ule, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza, walikubali kuchangia. Wakulima wa Uluguru, wajukuu wa wale waliokataa, wakachimba matuta. Wakachimba wenyewe, kwenye mashamba waliyoyachagua, wakapanda miti katikati ya mazao. Malipo hayakuwa makubwa, na mpango wa kutegemea wafadhili una udhaifu wake: fedha za mradi huisha kabla ya kazi. Hata hivyo tuta ni lilelile. Kilichobadilika ni nani alimuuliza nani, na nani aliruhusiwa kusema hapana.

Ukambani nchini Kenya mambo yalienda vivyo hivyo, na huko yameandikwa vizuri zaidi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walifuatilia Machakos kutoka miaka ya 1930 hadi 1990 na kuonyesha kwamba watu waliochukia matuta ya kulazimishwa waliendelea kuyachimba kwa hiari yao baada ya uhuru, wakati idadi yao ilikuwa imeongezeka maradufu zaidi ya mara moja, kwa sababu soko lilikuwa limefunguka na shamba lilikuwa lao. Waliyoyapenda zaidi ni ya fanya juu: unachimba mfereji kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi kwenye kingo, kisha unaziacha mvua na jembe zikamilishe ngazi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Udongo mweusi haufukiwi. Tuta la namna hiyo limezaliwa na subira, na nadhani si ajabu kwamba lilitoka kwa watu waliokuwa wanachimba kwa ajili yao wenyewe.

Mifano ya kinyume ipo pia. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya maji ya bonde la Usangu kuchotwa mno huko juu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao kwa maelfu. Sisemi uchungu wa viongozi juu ya mto ule haukuwa wa kweli. Nasema mifereji ya umwagiliaji, vibali vya kutumia maji, mpunga na mifugo vilikuwa jambo moja lililofungamana, na lilihitaji watu wa kulifungua fundo kwa fundo, kazi ambayo haina haraka ya operesheni.

Vijana huniuliza kama fani hii ina maisha. Mshahara ni wa serikali, wanaujua. Usafiri ni pikipiki, na masika pikipiki huachwa chini ya mlima ukaendelea kwa miguu. Bajeti ya kupanga vijiji haitoshi kamwe. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi imekuwapo tangu mwaka 1984 na bado vijiji vingi havina mpango. Diwani mpya huja na ahadi za viwanja palepale ambapo diwani wa zamani alitia sahihi pabaki msitu. Yote ni kweli. Lakini sijui kazi nyingine ambayo ndani ya wiki moja mtu atajadili mofolojia ya mto na mhaidrolojia, urithi wa mashamba na mjomba wa ukoo, vifungu na mwanasheria wa wilaya, na bei ya kabichi na mama wa Mgeta, na kila mmoja wao akawa na kitu asichokuwa nacho mwingine. Anayependa kuwa na jibu kabla ya kufika asije. Anayependa kulikuta jibu kwa watu na kulipa umbo litakalosimama kisheria, namsubiri.

Nitamwambia pia kwamba mpango hauna mwisho. Hutayarishwa kwa miaka kumi, kisha hupitiwa upya. Nimeanza kuitwa kwenye vijiji ambavyo muda wa mpango wao wa kwanza umeisha. Waliokuwa wanafunzi wakati ule sasa wana wake, waume na watoto, na wanataka mahali pa kujenga. Wanausoma mpango na kuuliza kwa nini baba zao waliwaachia wenzao wa Dar es Salaam ukingo wote ule, na wao wamepata nini. Ni swali la haki. Wengine wanapendekeza msitu wa kijiji upunguzwe upande wa barabara. Wengine wanataka mizinga ya nyuki ndani yake ili uanze kuwalipa. Binti mmoja aliyerudi kutoka chuo amekuja na ramani yake mwenyewe kwenye simu, ina chemchemi mbili ambazo kamati ya kwanza haikuziona. Mkutano wa kwanza wa mapitio umepangwa baada ya mavuno ya mpunga, na mtendaji ameshaambiwa asiuweke asubuhi, saa ambayo wanawake wako mtoni.